Wivu Wangu na Shamba la Babu

Alasiri, kabla Babu hajapiga hodi, harufu ya udongo ilikuwa imekwisha kuingia jikoni. Ulikuwa udongo wa shamba la juu, kule kunakopakana na msitu wa Magamba, mweusi, usiokauka hata kiangazi kwa sababu ya ukungu. Ulimganda kwenye koti, kwenye mabuti ya mpira, hata kwenye nyusi, na ukichanganyika na ugoro wake na moshi wa kuni za miti ya miwati ulitoa harufu ambayo mpaka leo nikiinusa mahali popote nageuka kumtafuta. Watu wangetarajia niseme kwamba niliipenda. Niliichukia. Nilikuwa na miaka tisa, na harufu ile iliniambia kwamba Babu ametumia saa zake zote nzuri mahali pengine, na sasa ananiletea mimi makombo: miguu iliyochoka, mgongo unaotaka kulazwa, na macho yanayofumba kabla sijamaliza kumsimulia habari za shule.

Nyumba ya Babu na Bibi ilikuwa juu ya barabara inayopanda kutoka Lushoto kwenda Magamba. Wazazi wangu walikaa Lushoto mjini, ambako Baba alikuwa karani katika ofisi moja, na Mama alipojifungua mapacha mimi nikapelekwa juu kwa Babu na Bibi kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ukageuka miaka minne, wala sikulalamika. Kwetu Usambaani mjukuu wa kike hutaniwa kuwa ni mke wa babu yake, na bibi hutaniwa kuwa ni mke mwenza. Ni utani wa mchana kweupe, kila nyumba inao, na watoto wengine wakitaniwa hivyo hucheka wakakimbilia nje. Babu aliniita mke wangu mdogo. Bibi akichoka alisema, "Leo zamu yako, mke mwenzangu, mmiminie mumeo maji anawe." Mimi sikucheka wala sikukimbia. Niliushika utani ule kwa mikono miwili, nikaufanya sheria. Nilihesabu vipande vya nyama ambavyo Bibi alimwekea Babu na vile nilivyomwekea mimi. Jirani akija kusalimu, nilijibanza katikati yao kwenye mkeka. Bibi akimpa Babu uji kabla sijaamka, nilinuna mpaka adhuhuri. Kwa kifupi, nilikuwa mtoto mwenye wivu, na sikuwa na aibu nao hata kidogo.

Lakini mpinzani wangu hasa hakuwa Bibi. Lilikuwa lile shamba. Wote wawili walikuwa wamepita miaka sabini, ingawa hakuna aliyejua kwa hakika wamepita kwa kiasi gani, na kila asubuhi baada ya swala na uji walipanda huko, Babu mbele na Bibi nyuma, wakizungumza Kishambaa chao cha chini chini ambacho hakikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Babu alikuwa ameajiriwa miaka mingi kupanda miti msituni, na alipoachishwa kazi kwa umri alihamishia nguvu zake zote kwenye viazi, kabichi na karoti. Shamba lilikatwa ngazi ngazi, kama mashamba mengi ya kwetu, ili mvua isilitelemshe lote hadi Mombo, chini kabisa ya mlima. Nao walikuwa na namna yao ya kulilima. Babu alianza ncha moja ya tuta, Bibi akaanza ncha nyingine, wakalima wakielekeana mpaka wakutane. Katikati ya tuta walikuwa wamechomeka kijiti. Aliyefikia kijiti kwanza alikaa chini akapumzika, na yule aliyechelewa akawajibika kuwasha moto na kuchoma viazi vya mchana. Nilijua habari hizo kwa kusikia tu, maana mimi wakati huo nilikuwa darasani nikiimba jedwali la saba. Jioni walirudi wakibishana nani alifika kwanza, na Babu alicheka mpaka akakohoa, kwa jambo ambalo sikuwapo lilipotokea.

Mwishoni mwa masika, wakati njia zote ni utelezi, Babu alianguka akishuka na gunia la viazi mgongoni. Hakuvunjika. Pale hospitalini walimpima goti, wakalifunga, wakamwambia alipumzishe wiki mbili kisha aanze kutembea pole pole. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono na nilikataa kutoka nje. Lakini watu wazima wa ukoo wetu walisikia neno moja tu, kupumzika. Baba alikuja, Shangazi akapanda kutoka Mombo na kanga mbili na kilo mbili za sukari, wakakaa kikao sebuleni, na kikao hicho hakikuchukua hata muda wa chai kupoa. Mzee hatashika jembe tena. Ana watoto wanaofanya kazi, ana wajukuu, ni fedheha watu wamwone anapanda mlima na gunia utadhani hana mtu. Baba alisema kwa upole mkubwa, akiwa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa mbele ya mzazi. "Baba, umetulea vya kutosha. Sasa kaa tukutunze." Babu alimtazama Bibi, Bibi akatazama sinia. Hakuna anayemjibu mwanawe anapomheshimu namna hiyo. Kisha Baba akanigeukia mimi. "Zaina, wewe ndiye utamwangalia babu yako."

Nilitamani kikao kirudiwe upya ili niyasikie maneno yale mara ya pili. Shule zilifungwa mwezi wa sita, Bibi akawa anapanda peke yake, na mimi nikabaki na mume wangu mchana kutwa. Nilimletea uji kitandani. Nilimpashia maji, nikamvisha soksi, nikamfungulia redio, nikaifunga nilipoona inazungumza naye kuliko mimi. Alipotaka kusukuma kuni motoni nilimnyang'anya. Alipotaka kwenda uani kukata majani ya mbuzi nilimwambia nitakata mimi, na kweli nilikata, nikajikata na kidole. Baridi ya kipupwe ilipozidi, nilimzungushia blanketi mbili nikamkalisha karibu na moto, na majirani waliopita walisema, "Mzee amepata mtunzaji." Nilikua kimo kwa sifa hizo. Jioni Bibi alirudi amelowa umande, mikono imepasuka, na mimi nilimsalimia shikamoo kwa sauti ya mwenye nyumba anayempokea mgeni.

Nilichukua muda mrefu kuona kilichokuwa kinatokea, kwa sababu sikutaka kukiona. Goti lilikuwa limepona. Mguu ndio ulikuwa unaisha. Siku moja nilipomvua soksi niliona shavu la mguu wake limelegea, ngozi inacheza juu ya mfupa. Alianza kulala mchana, halafu usiku akakaa macho. Makande aliyokuwa akiyapenda aliyaacha nusu sahani. Msikitini hakuenda tena, alisali kwa kukaa, na alipopewa habari za mjini alisema tu, haya. Hakutania. Neno mke wangu bado alilisema, lakini alilisema akitaka kitu, mke wangu blanketi, mke wangu maji. Saa pekee aliyochangamka ilikuwa ile ya Bibi kurudi. Hapo alijiinua kwenye mto akauliza maswali mfululizo. Tuta la tatu umeliwekea samadi? Kabichi za chini zimeingia wadudu? Ngedere je? Bibi alijibu akila, kwa maneno mafupi, na mimi nilikaa katikati yao kwenye mkeka wangu nisielewe tuta lipi ni la tatu. Nilikuwa naye siku nzima, na siku nzima alikuwa akimngoja mwingine. Kwa wivu niliisukuma sahani yangu kando.

Kisha akatoroka. Nilikuwa nimekwenda kufua na kuchota maji tangu alfajiri, na niliporudi blanketi zilikuwa zimekunjwa vizuri, redio imezimwa, na mtu hayupo. Nilizifuata alama za fimbo yake njiani, kitundu, unyayo, kitundu, unyayo, mpaka nikafika chini ya shamba nikiwa na roho juu. Waliketi kwenye ukingo wa tuta, Babu na Bibi, kando ya moto mdogo. Mikono ya Babu ilikuwa myeusi kwa udongo mpaka kwenye viwiko. Bibi alikuwa amemenya kiazi cha moto, anakipuliza, na Babu alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kukohoa, ambacho sikukisikia nyumbani kwa zaidi ya mwezi. Aliponiona uso wake ulijaa furaha, sitausahau. "Mke wangu mdogo! Njoo ule, kimeiva." Kama angenikaripia ningekwenda. Lakini alikuwa na furaha, na furaha ile sikumpa mimi. Niligeuka nikashuka mbio.

Sikurudi nyumbani. Nilikata njia ya mkato mpaka Lushoto mjini, nikapita sokoni, nikaingia ofisini kwa Baba nikiwa na matope hadi magotini, na mbele ya makarani wenzake nikasema, "Babu ametoroka. Bibi anamlimisha." Nilijua ninachosema. Hakuna aliyemlimisha mtu. Lakini nilitaka mtu mkubwa kuliko mimi aende akamrudishe Babu nyumbani, na nilitaka Bibi aonekane mbaya, na maneno mawili yale yalitosha kwa yote.

Baba alipanda alasiri hiyo hiyo. Alimwamkia mama yake shikamoo, akaitikiwa, kisha akazungumza kwa sauti ambayo mtu hazungumzi na mamaye. Alimuuliza kama anataka kumzika mume kabla ya siku yake. Akalichomoa jembe la Babu kwenye mpini, akalifunga kwenye gazeti, akaliweka kwapani. Na akasema Jumapili ya wiki ijayo atakuja na gari kumchukua Babu wakakae naye mjini, kwenye baraza, ambako hakuna mlima wala mtu wa kumsumbua. Bibi alinitazama mara moja tu, nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimetaka Babu arudishwe kwangu, na sasa alikuwa anaondolewa kwetu sote.

Jioni ile Babu alikaa karibu na moto. Nilimletea maji ya kunawa, nikamimina, akanawa taratibu mpaka udongo wote ukamtoka kwenye kucha. Kisha akasema, "Ahsante, Zaina." Mtu mwingine asingeona chochote hapo. Ni jina langu, nililopewa na yeye mwenyewe. Lakini katika miaka minne hakuwahi kuniita hivyo ndani ya nyumba ile. Kesho yake ikawa Zaina niletee kanzu, Zaina funga mlango, kwa adabu, bila hasira, na kila mara nilijiona nasukumwa hatua moja nje ya uzio. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya beseni la viazi.

Bibi alinikuta hapo. Alichukua kisu akaanza kumenya pamoja nami. Halafu akauliza, "Hebu niambie, unamwonea wivu nani hasa?"

"Wewe," nilisema.

Alicheka, lakini kidogo. "Mimi nimeolewa naye kabla baba yako hajazaliwa, na mpaka leo naliona hilo shamba linanipita. Ukimkuta ameshika jembe hata mimi hanisikii." Akatupa kiazi majini. "Sasa nikwambie. Mtu wa umri wake ukimkalisha, unamkalisha moja kwa moja. Akienda huko barazani kwa baba yako, mwaka hauishi. Unataka awe wako au unataka awepo?"

Nilisema nataka awepo. Lakini ndani yangu nilitaka yote mawili, na nilimchukia kwa kunichagulisha. Ijumaa nilishuka mjini nikamwambia Baba ukweli, kwamba Babu alipanda mwenyewe, kwamba alikuwa anacheka. Baba alinipa peremende akasema hayo ni mambo ya wakubwa. Nilivyoufanya uongo wangu uaminike haraka, ukweli haukupata hata kiti.

Jumapili alfajiri Bibi alikwisha kupanda kama kawaida yake. Nilimkuta Babu ameketi kitandani, amevaa kanzu safi ya kusafiria, mikono juu ya magoti. Nikamwambia, "Twende." Akauliza, "Wapi, Zaina?" Nikasema, "Shambani kwa Bibi. Kabla gari halijafika." Akasimama, akavua kanzu. Jembe niliazima kwa jirani, nikalibeba mimi. Mlima ule ambao zamani aliupanda kwa pumzi moja ulituchukua karibu asubuhi nzima. Alishika bega langu, tukaenda hatua ishirini, tukakaa. Hatua ishirini, tukakaa. Ukungu ulikuwa mzito, maji yanadondoka kwenye miti, na katika mapumziko yale alinieleza miti aliyoipanda kwa mkono wake na mwaka wa kila mmoja. Ilikuwa ndiyo asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata kuwa naye, na nilijua nampeleka kwa nani. Tulipofika kwenye kona ya mwisho, Bibi akaonekana juu, amejishika kiuno, anatungoja. Babu aliondoa mkono begani kwangu. Aliunyoosha mgongo, akamalizia zile hatua peke yake. Nilibaki nyuma na jembe la watu, nikaona wivu, na nikampelekea jembe.

Baba alipofika alikuwa na haki ya kukasirika, ila hakuwa na pumzi ya kukasirikia. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kitambi kizuri cha ofisini na viatu vya ngozi vilivyojaa matope. Tulimwona kutoka juu akipanda, akisimama, akishika mti, akipanda tena. Alipotufikia aliweza kusema shikamoo tu, kisha akainama mikono juu ya mapaja.

"Marahaba," Babu akaitikia. "Kaa kwanza upumue, mwanangu."

"Nani... nani amekuleta huku, baba?"

"Nimeletwa na mke wangu mdogo," Babu akasema, na hakunitazama, lakini nilisikia.

Baba alianza tena habari za watu watasema nini. Bibi hakumwacha amalize. Alimkabidhi jembe lake akamwonyesha tuta fupi lililokuwa halijalimwa. "Wewe anza upande ule, baba yako aanze upande huu. Ukikifikia kijiti kabla yake, mchukue uende naye, mimi nitamfungia nguo mwenyewe. Akikifikia yeye, gari lirudi lilivyokuja." Baba alimtazama baba yake, aliyekondeana ndani ya koti, akavua shati lake la Jumapili. Nadhani aliona haya kushindana naye. Alianza kwa kasi, udongo unaruka, na moyo wangu ukashuka. Babu kwa upande wake alilima taratibu, jembe linapanda kidogo tu na kushuka, linapanda kidogo na kushuka, na baada ya kila hatua aliegemea mpini akapumua. Lakini Baba baada ya muda alisimama kutazama viganja vyake. Akalima tena, akasimama tena, akashika kiuno. Kisha akakaa. Bibi alikuwa amepiga magoti anapuliza moto na hakuonekana kutazama upande wowote. Babu alikifikia kijiti akakigonga kwa ubapa wa jembe, akaketi hapo hapo akitetemeka miguu yote miwili. Hakuna aliyeshangilia. Baba alinyanyuka mwenyewe, akaenda kuokota kuni, maana aliyechelewa ndiye mchoma viazi.

Waliafikiana wakila. Babu atalima asubuhi mpaka jua litoke kwenye ukungu, basi. Magunia hatabeba, Baba atakuja Jumamosi kuyashusha mwenyewe, na alikuja, miaka mingi, mpaka kitambi kikapungua. Babu aliishi akalima, akaenda msikitini kwa miguu, akabishana na Bibi juu ya kijiti mpaka nilipokwisha kuingia sekondari. Aliugua siku chache, akatutoka. Lakini kabla ya hayo, shule zilipofunguliwa mwaka ule wa goti nilirudi darasani, nao wakarudi kupanda wawili wawili, mbele na nyuma, na alasiri aliniita mke wangu mdogo kama zamani. Nilifurahi, lakini sikujidanganya tena. Mdogo maana yake mdogo.

Sasa nina miaka arobaini na minane, nafundisha Tanga mjini, ambako barabara zote ni tambarare na magoti yangu bado yananiuma. Nikienda Lushoto kusalimia, wanawake wanaolingana na Bibi wa wakati ule wananipita mlimani na kabichi kichwani, wananisalimu kwa pole mwanangu, na mimi nimeshika mti. Nawaonea wivu waziwazi. Huku ninakoishi tunawatunza wazee wetu vizuri sana. Tunawanunulia televisheni kubwa, tunawawekea msichana wa kuwapikia, vidonge vya presha vimepangwa kwa siku za wiki, na jirani akipita anasema mzee amepata watoto. Baba yangu ni mmoja wao. Amestaafu, Mama ametangulia mbele ya haki, na miaka mitatu sasa anakaa kwangu. Niliwahi kumuuliza kama siku ile kwenye tuta alimwachia baba yake makusudi. Alicheka. "Nilishindwa, Zaina. Nilishindwa kweli, na mikono iliwaka wiki nzima." Na aliponijibu hivyo tulikuwa tumekaa sebuleni, saa nne asubuhi, mimi nikimmenyea chungwa.

Hata hivyo nilikuwa wa mwisho kuelewa. Mwezi uliopita Baba alianza kutoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi. Chai niliyomwandalia niliikuta imepoa. Alikuwa anarudi mchana, anaoga, analala usiku mzima bila kugeuka, na mambo yake aliyokuwa akinihadithia mimi yalipungua. Nilimuuliza msichana wa kazi, akasema hajui. Jumamosi nikamfuata kwa nyuma, mwanamke mzima, mwalimu, najificha kwenye kona za nyumba za watu. Nyuma ya msikiti wa mtaa wa pili kuna kiwanja kitupu, na hapo wastaafu watano au sita wamechimba vitalu vya mchicha na bamia. Baba alikuwa amekunja suruali hadi magotini, ameshika ndoo, anabishana na mzee mmoja nisiyemjua juu ya nani amwagilie upande upi, na alikuwa anacheka kicheko ambacho kwangu hajakicheka tangu tumzike Mama. Aliniona. Alinyanyua mkono. "Mwanangu, njoo uone!"

Wivu ulinipanda ule ule, wa miaka tisa, haukupungua hata punje. Miaka mitatu nimemfulia, nimempikia, nimemlaza, na watu ambao hajawajua hata mwaka mmoja ndio wanaopewa uso ule. Nilikuwa na mengi ya kusema: jua, presha, mgongo, vidonge vya saa nne. Nilimwambia nina haraka, nitakuja siku nyingine. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango wa jikoni, nikalia mpaka yakaisha. Kisha nikamwambia msichana aniachie jiko, nikasonga ugali mkubwa, chakula cha mtu anayerudi kutoka kazini.